Mbwa wa Marehemu

Mwenye mji akifa hapa kwetu Runzewe, ndugu huketi baada ya matanga wakapanga nani atachunga ng'ombe na nani atalima shamba. Hata baiskeli hupata mwenyewe. Je, msomaji, mbwa wake hutajwa na nani?

Alain Delon, mchezaji sinema maarufu wa Ufaransa, alikuwa na jawabu lake, nalo baya. Alipenda mbwa kupita kiasi, hata akawa na makaburi yao nyumbani kwake Douchy. Mwaka 2018 alisema kwamba akitangulia yeye kufa, daktari wa mifugo amchome sindano mbwa wake Loubo, ili waondoke pamoja. Akafa tarehe 18 Agosti 2024. Watu wakapiga kelele, na jamaa wakakataa: Loubo akabaki nao. Nawasifu, ingawa desturi yetu ni kushika neno la marehemu.

Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, naye shamba lake la kahawa huko Ngong, Kenya, lilipomshinda, alikusudia kuwapiga risasi farasi na mbwa wake kabla ya kurudi kwao mwaka 1931. Rafiki zake wakamwandikia barua kuwaomba. Akawagawia.

Basi katika kikao cha ndugu, mtu mmoja atajwe kwa jina. Amfunge mbwa siku chache, maana atarudi kulala mlangoni pa bwana wake. Amlishe kwa mkono wake, na kila mwaka ampeleke kuchanjwa kichaa cha mbwa. Asiye na mwenyewe hakuna amshikaye siku ya chanjo, na wanaoumwa ni watoto wetu.