Mzee, Iko Upande Gani?

Bwana harusi wa Mombasa anapotolewa kwao akiwa amevaa joho na kilemba, jambia lake hufungwa mbele, pale ambapo hata mtoto aliyepakatwa begani kwa babake ataliona. Hapana anayeogopa. Akina mama hupiga vigelegele na wazee husogea kumpisha. Kwa ndugu zetu wa Oman khanjari imewekwa mpaka katika nembo ya dola, pamoja na panga mbili zilizopishana. Mtu huiona silaha ya mwenziwe, hujua ameifunga wapi, na kwa hivyo moyo wake hutulia.

Mimi huchukua silaha ya namna nyengine. Ni bastola, ninayo kwa cheti cha serikali, na inapokuwa kiunoni mwangu hapana aionaye. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika ukurasa huu. Naona ya kuwa sisi watu wa Kisiwani tumerithi adabu ya silaha ionekanayo, lakini hatujafundishana adabu ya ile iliyofichwa. Na askari wetu, wengi wao, nao hawajafundishwa namna ya kumkabili mtu aliyeichukua kwa haki.

Kwanza nijieleze, maana najua mtu wa Mji wa Kale akitaja bastola majirani humtazama kwa jicho jengine. Mimi ni sonara. Jioni moja wakati wa kufunga duka waliniingilia vijana watatu, wakanifunga mikono kwa kilemba changu mwenyewe, wakachukua walichokitaka na wakaniacha kifudifudi mpaka mpita njia aliposikia ninavyogonga mlango kwa mguu. Baada ya hapo nikapeleka maombi.

Sheria yetu ya silaha, ile Sura ya 114, haimpi mtu bunduki kama anavyopewa leseni ya baiskeli. Lazima uonyeshe sababu ya kuitaka na uchunguzwe mwenendo wako. Cheti ni cha miezi kumi na miwili tu, kisha ni kukiomba upya, na askari akikutaka ukionyeshe, ni wajibu wako kukitoa. Kipo pia kifungu kinachomkataza mtu kulewa akiwa na silaha. Hicho kwetu kilikwisha kuwekwa zamani kabla ya Bunge. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliamuru sote wenye vyeti tukaguliwe upya. Nilikwenda nikajipanga na wenzangu, nikaulizwa maswali na nikayajibu. Sina la kulalamikia katika hayo. Silaha ni amana, na mwenye kuweka amana ana haki ya kuiulizia.

Wala si jambo jipya pwani hii. Mwaka 1890 madola ya Ulaya yalikutana Brussels, na pamoja na kuyazungumza mambo ya utumwa yakapiga marufuku kuingizwa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa ruhusa yao. Miaka mitano baadaye Mbaruk bin Rashid wa Gasi na Mazrui wenzake walipigana na Waingereza, na mpaka 1896, alipovuka kwenda upande wa Wajerumani, ilibidi waletwe askari kutoka Bara Hindi kuja kumshinda. Tangu zama hizo, mtu wa pwani mwenye bunduki amekuwa mtu wa kuulizwa maswali.

Basi tuje kwenye kanzu. Msomaji ambaye hajapata kuchukua bastola hawezi kujua taabu hii. Kanzu haina mshipi. Ukiifunga bastola ndani yake, kuitoa ni mpaka uipandishe nguo, na hapana kitendo kibaya zaidi mbele ya askari kuliko mwanamume kupandisha kanzu na kupeleka mkono kiunoni. Kwa hivyo siku ninazoichukua huvaa suruali na shati la kutolewa nje, na wateja wangu wamezoea kunitania kuwa leo sonara amekuwa karani.

Mwaka 2015, katika mwezi wa Ramadhani, nalikuwa nikirudi Kisiwani usiku baada ya tarawehe kutoka kwa dada yangu. Njiani palikuwa na kizuizi. Askari kijana akanimulika tochi usoni.

"Zima gari! Shuka! Kitambulisho!"

Nami kwa kutaka kuonekana mtiifu, wala sikusema neno, nikapeleka mkono nyuma kuchukua pochi iliyokuwa na kitambulisho na cheti. Shati likapanda. Tochi ikakiona kipini cha bastola.

"Ana bunduki huyu!"

Nikajiona mbele ya mitutu mitatu. Nikaamrishwa nilale chini, nikalala juu ya lami iliyokuwa bado na joto la mchana, mtu mwenye wajukuu. Nilisoma shahada, kwa kuwa sikujua kama nitapata nafasi nyengine ya kuisoma. Wakaichukua silaha, wakakisoma cheti kwa tochi, wakalinganisha nambari mara mbili, mara tatu. Nambari zilikuwa sawa. Hata hivyo mmoja wao akauliza, "Mtu mwenye jina kama hili anataka bunduki ya nini?" Kisha waliponirudishia mali yangu na nikawa nafuta vumbi, yule yule akaja karibu, sauti imekuwa ya asali: "Sasa mzee, hutuachii hata ya futari?"

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi barazani, na kila mara watu hucheka pale penye futari. Mimi nimechoka kucheka. Lile swali la jina ndilo lililobaki nami. Cheti kina jina langu, na jina hilo lilichunguzwa na serikali kabla ya kuandikwa. Vipi basi jina lile lile ligeuke kuwa shaka?

Lakini insafu ni lazima. Ni nani asiyejua miaka ile ilivyokuwa? Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi akiwa garini na jamaa zake, na mji ukawaka moto kwa siku kadhaa. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa kule Majengo. Septemba 2016 wanawake watatu waliingia kituo cha Central wakawashambulia askari, wakauawa pale pale. Familia nyingi zililia, na miongoni mwazo ni familia za askari. Kijana aliyenimulika tochi usiku ule huenda aliwahi kumzika mwenzake wiki chache kabla. Hofu yake siidharau. Na kosa langu nalikiri: nilitanguliza mkono, ulimi ukaja nyuma.

Nilidhani basi dawa ni kusema mapema. Mpaka Julai 2016 nikasikia habari za Philando Castile huko Minnesota, Marekani. Alisimamishwa njiani kwa ajili ya taa ya nyuma ya gari. Akamwambia polisi kwa upole kuwa anayo silaha, na kibali alikuwa nacho. Alipigwa risasi pale pale kitini, ubavuni pake mchumba wake, na nyuma mtoto wa miaka minne. Polisi yule akashitakiwa, na mwaka uliofuata baraza la mahakama likamwachilia. Castile alisema mapema kama nilivyokuwa nikijihubiria mwenyewe, na haikumfaa. Anayesikiliza naye lazima awe amefundwa kusikiliza.

Dini yetu imeyazungumza haya kabla ya baruti kujulikana Arabuni. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwagiza mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike sehemu ya chuma chake, asije akamdhuru mtu. Na Jabir amepokea kwamba alikataza mtu kumkabidhi mwenziwe upanga uliochomolewa. Tazama jinsi jambo lilivyotazamwa kwa udogo wake: mkono uwe wapi, ncha ielekee wapi, na kitu kipokewe namna gani. Hakuna aliyeambiwa kuwa nia yake njema inatosha. Mimi naona amri hiyo inamhusu askari sawasawa na inavyonihusu mimi, maana naye anapita sokoni na chuma, tena chuma kirefu kuliko changu.

Na wapo wanaoijua adabu hiyo bila ya kusoma Hadithi. Nalikuwa nikienda Likoni kwa miguu, watu wanapekuliwa kabla ya kuingia kivukoni. Nilipokaribia nikainyanyua mikono kidogo, nikasema, "Afande, ninayo silaha, na ninayo kwa cheti."

Hakupaza sauti. Hakurudi nyuma. Akaniuliza, "Mzee, iko upande gani?"

"Wa kulia."

"Usiiguse. Na cheti?"

"Mfuko wa kifuani."

"Nitakitoa mimi. Njoo hapa kando."

Akanipeleka nyuma ya ukuta, mbali na macho ya watu, jambo ambalo sitalisahau, kwani mtu ana sitara yake. Akakisoma cheti, akaitazama nambari ya bastola, akanitakia safari njema. Dakika tano hazikutimia. Hakuniuliza jina langu lina maana gani. Lafudhi yake ilikuwa ya bara, tena ya mbali. Kivuko kilipoondoka nikagundua kuwa mikono yangu haikutetemeka.

Swali lile la maneno matatu, "iko upande gani", ndilo ninalotaka lifundishwe kwa kila askari anayesimamishwa kizuizini. Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka askari ajitambulishe na atoe onyo kabla ya kutumia bunduki, na ampe mtu muda wa kulitii onyo hilo, isipokuwa pale ambapo kungoja kutahatarisha roho. Hilo ni jema, lakini ni la dakika ya mwisho. Swali la yule askari wa Likoni ni la dakika ya kwanza, na likiulizwa vizuri ile ya mwisho haifiki. Sisi nasi tulio na vyeti tufanye yetu. Cheti kisikae mfuko mmoja na silaha. Changu nimekihamishia kifuani tangu usiku ule wa lami. Mikono iwe juu ya usukani. Na katika maulidi na harusi, bastola ibaki nyumbani.

Mama watoto ana rai yake, na sikuweza kumjibu. Aliniambia, "Ulipoibiwa ulikuwa ukiwaogopa wezi. Sasa unawaogopa wezi na askari." Nikamwambia nitafikiri. Ninafikiri mpaka leo, na cheti nimekwisha kukiomba upya kwa mwaka mwengine.

Ijumaa siichukui. Huifungia katika sanduku la chuma, nikavaa kanzu yangu na kofia, nikashika njia ya Ndia Kuu kwenda msikitini. Ijumaa iliyopita walikuwapo askari wawili wakipiga doria karibu na Ngomeni, vijana, jasho linawatoka. Mmoja akanisalimu, "Habari ya mchana, mzee." Nikamjibu njema. Na mkono wangu wa kulia, bila ya kuamrishwa, ukaondoka ubavuni na kwenda mbali na kiuno, vidole vimekunjuliwa ili avione.