Tusilipie gesi kabla ya kujua ugonjwa wa jokofu

Katika biashara ya ufundi wa majokofu, huduma inayouzwa zaidi ni moja tu: kujaza gesi. Jokofu la soda likianza kupoa nusunusu, au friza ya samaki ikitoa maji, fundi huja na mtungi wake tayari. Mwenye duka hulipa, na baada ya wiki chache humwita tena.

Gesi ya jokofu si mafuta ya taa, haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna tundu. Anayejaza bila kuziba tundu anauza kitu kitakachovuja, naye anajua hivyo.

Aidha, mara nyingi gesi haina kosa lolote. Majokofu ya madukani hubanwa ukutani, vumbi likaganda kwenye mabomba ya nyuma yanayotoa joto, na juu yake yakapangwa maboksi. Joto hilo litatokea wapi? Mpira wa mlango ukilegea, hewa ya moto huingia usiku kucha. Bana noti mlangoni kisha uivute, ikitoka bila kukwama mpira umechoka. Barafu nene nayo huzuia ubaridi. Na umeme ukishuka mno chini ya volti 230, kompresa huunguruma kidogo na kuzima. Hapo hata mtungi mzima hausaidii.

Gesi zenyewe hazifanani. R12, iliyoondolewa kutokana na Itifaki ya Montreal ya 1987, ilifuatiwa na R134a, isiyopatana na mafuta ya kompresa za zamani. Majokofu mengi mapya hutumia R600a, ambayo hushika moto. Fundi wa kuchomelea mabomba ovyo anahatarisha duka zima.

Hata hivyo, lawama si za mafundi peke yao. Wafanyabiashara hukataa kulipia ukaguzi. Fundi akisema jokofu linahitaji brashi tu na anadai ujira wake, huonekana tapeli. Basi naye anauza gesi. Anayeumia zaidi ni muuza samaki ambaye mtaji wake wote umo ndani ya friza moja.

Kwa maoni yetu, ukaguzi uwe na bei yake, na risiti ionyeshe tundu lilikuwa wapi, aina ya gesi iliyowekwa na uzito wake. Uzito unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha jokofu, na kwa jokofu la kawaida la nyumbani hupimwa kwa gramu, si kilo.