Ile Pampu Nyekundu Huko Chini Iliwaka Lini Mara ya Mwisho?

Wasee wa fleti, leo ni yetu. Kama unaishi kwenye jengo la gorofa nane, kumi na zaidi, angalia huko chini penye magari yanaegeshwa. Mara nyingi kuna kachumba kamefungwa kufuli. Ndani kuna injini ya dizeli imeungwa na pampu, zote zimepakwa rangi nyekundu, na ile mipira ya kuzimia moto kwenye ngazi zenu inaitegemea. Maoni yangu ni haya: kama hiyo injini haiwashwi kila wiki, hamna pampu. Mna pambo.

Nilimuuliza msimamizi wa ploti moja hapa mtaani: "Mzee, hii kitu iliwashwa lini?" Akaniangalia vile unaangalia mtoto. "Kijana, hiyo ni ya moto. Kwani kuna moto?"

Si ni jibu linaeleweka? Lakini ndilo linaniogopesha.

Hebu tuanze na kwa nini dizeli. Moto ukishika, stima ni rahisi kupotea. Nyaya zinaungua, ama mtu anazima swichi kubwa makusudi ndio wanaozima moto wasipigwe shoti. Pampu ya stima isiyo na laini yake pekee inaishia hapo. Injini haijali stima, bora iwe na mafuta, betri na maji. Shida ni kwamba injini iliyolala miezi sita ni kama msee aliyelala miezi sita. Usitarajie aruke kitandani akimbie.

Kitu kinaua hizi mashine ni kukaa bure. Betri ndiyo huanza kufa, na ndiyo maana mfumo mzuri huwa na seti mbili, moja ikigoma nyingine inashika. Sasa mtu akichomoa chaja ndio achaji simu, seti zote mbili zinakufa polepole na hakuna anayejua. Dizeli nayo ikikaa kwa tangi lililo nusu tupu, unyevu wa hewani unageuka matone ya maji, uchafu unamea humo, na filta zinaziba. Unaona geji inasoma mafuta yapo, unafurahi, kumbe ni supu.

Kiwango cha Marekani cha NFPA 25, kinachotumika sana hata nje ya Marekani, kinataka pampu ya moto ya dizeli iwashwe kila wiki na iachwe ikinguruma angalau dakika 30. Kuwasha dakika mbili upige video uzime haisaidii. Injini ya dizeli lazima ipate joto lake kamili, la sivyo mafuta yasiyoungua vizuri yanaacha masizi ndani. Na mara moja kwa mwaka maji yenyewe yanapimwa: pampu inatoa kiasi gani, kwa presha gani.

Kisha kuna hii, na mafundi wengine huiruka kwa sababu kubonyeza kitufe ni rahisi. Siku ya moto hakuna mtu atakuwa kwenye hicho kichumba kubonyeza kitu. Mashine inatakiwa ijiwashe yenyewe ikihisi presha ya maji imeshuka kwenye mabomba. Kwa hivyo jaribio la kweli ni kufungua kale kamfereji kadogo ka mfumo, presha ishuke, halafu mngoje. Ikinguruma bila mtu kuigusa, sawa. Ikinyamaza, mmejua Jumamosi badala ya usiku wa moto.

Ikiwa inafanya kazi, angalia vitu vichache. Presha ya oili. Joto la injini. Maji ya kupoza yanapita? Pale shafti inaingilia pampu, kwa pampu za kufungwa na kamba, matone machache ni sawa kabisa, yanalainisha na kupoza. Kuna mafundi huona hayo matone wanakaza hadi yakauke. Wanaunguza shafti wakidhani wametengeneza.

Sasa swichi. Manze, hii swichi! Huwa na sehemu ya kujiwasha yenyewe, ya kuwasha kwa mkono, na ya kuzima. Pampu ikisumbua usiku mara moja, labda kwa sababu bomba linavuja, mtu anaiweka kwa kuzima "hadi fundi akuje". Fundi hakuji. Hapo kila kitu ni kizima, betri imejaa, dizeli safi, na jengo halina ulinzi wowote.

Na maji? Nairobi tunaishi kwa mgao. Tangi likiwa moja kwa matumizi ya nyumbani na ya moto, bomba la nyumbani linafaa kutokea juu kidogo ubavuni, ndio maji ya chini yabaki ya moto tu. Kiangazi kikibana, mtu anapitisha bomba lingine chini kabisa. Naelewa, watu wanataka kuoga. Lakini hayo maji ya mwisho si ya kuoga.

Kanuni za Kenya za kupunguza hatari ya moto za 2007 zinataka mazoezi ya moto angalau mara moja kwa mwaka, ila zimeandikwa kwa ajili ya mahali pa kazi. Kwa fleti usingoje mkaguzi. Tunalipa ada ya huduma kila mwezi, na nusu saa ya dizeli kwa wiki ni lita chache tu. Mwambie landlodi abandike daftari kwenye mlango wa hicho kichumba: tarehe, dakika, presha, nani aliwasha, ilijiwasha ama ilibonyezwa. Piga picha ukipita.

Watalalamika kuhusu kelele, na ni kweli inapiga kelele. Wekeni Jumamosi saa nne asubuhi, tangazo liende kwa grupu Ijumaa jioni, na wenye watoto wachanga wapigiwe simu mapema.