Vivinjari viwili kwenye simu moja
Kwa mkazi wa Ngulyati, mkoani Simiyu, anayenunua bando la siku, kuchagua kivinjari ni suala la fedha kabla halijawa la teknolojia, ndiyo maana Opera Mini, iliyoanza kusambaa duniani mwaka 2006, bado ina watu wake. Inastahili. Ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za kampuni ya Opera, ukabanwa, ndipo ukafika kwenye simu ukiwa mwepesi. Matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya NECTA, ambayo kwa sehemu kubwa ni namba za watahiniwa, madaraja na alama za masomo, hufunguka hata mtandao ukisuasua. Lakini njia hiyo hiyo ndiyo kasoro yake. Kwenye ubanaji wa juu kabisa, seva hulazimika kuufungua ukurasa ili iubane, kwa hiyo siri haitembei imefungwa kutoka kwako hadi benki, na fomu ndefu za kuomba mkopo wa chuo au ajira zinaweza kugoma katikati. Chrome nayo ilikuwa na njia yake ya kubana data. Google wakaiondoa mwaka 2022. Wapo watakaosema mkulima wa pamba hana siri ya kuibiwa. Anayo: nywila, namba ya NIDA, akiba ya msimu mzima. Wengine watasema simu ndogo haibebi vivinjari viwili, ila Chrome huja na simu nyingi za Android, na Opera Mini haichukui nafasi kubwa. Habari na matokeo zisomwe kwa Opera Mini. Pakitakiwa nywila, hamia Chrome au Firefox, hata kama bando litakwisha mapema.