Fomu ya Ajali Ijazwe na Mwenye Gari



Wazee wetu waliopewa mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, walijifunza mapema kwamba karatasi ina nguvu. Shamba lilikuja pamoja na deni, na deni lililipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Aliyeweka risiti zake zote katika kopo la bati, siku ya kudai hati ya shamba alikuwa na la kusema. Aliyewashia jiko kwa risiti zake alibaki kuapa mbele ya karani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi katika skimu zetu kuna mali nyingine: pikapu ya kupeleka maziwa, lori ya viazi, trekta, pikipiki. Mali hii yaweza kuharibika kwa dakika moja, na ikiharibika, karatasi inayotakiwa ni fomu ya kampuni ya bima ya kueleza ajali na hasara iliyotokea. Maoni yangu ni kwamba fomu hii twaidharau mno. Twamwachia wakala wa bima aijaze, twatia sahihi pahali alipotuonyesha kwa kidole, halafu twaenda nyumbani kungoja fedha. Hivyo sivyo. Fomu hiyo ni ushahidi wako, na shahidi hasemi kwa kinywa cha mtu mwingine.

Kwanza yafaa ujue bima yako ni ya namna gani. Sheria ya Kenya yamlazimu kila mwenye gari liendalo barabarani awe na bima ya kuwalipa watu wengine wakiumizwa au wakiuawa na gari lake. Bima hiyo peke yake haitengenezi pikapu yako. Ukitaka gari lako mwenyewe litengenezwe, hapana budi uwe na bima kamili, na hata hiyo kwa kawaida huacha sehemu ya hasara uibebe wewe. Tena bima ya gari kwa kawaida hailipi mzigo. Maziwa yaliyomwagika na viazi vilivyosagika huhitaji bima yao mbali. Na kama gari limekatiwa bima ya matumizi ya nyumbani, nawe unalitumia kubeba maziwa ya majirani kwa malipo, kampuni yaweza kukataa kulipa. Isome hati yako leo, kabla hujapatwa na jambo.

Ajali ikitokea, watu walioumia ndio wa kwanza. Sheria ya barabara yamwamuru dereva asimame, na mtu mwenye haki ya kumwuliza akimwuliza, ampe jina lake na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na namba ya gari. Mtu akifa au akiumia vibaya, gari lisisogezwe bila ruhusa ya polisi. Nenda ukaandikishe habari polisi bila kukawia, wala usipitishe saa 24. Baadaye utaomba abstrakti, kwa maana kampuni ya bima itaitaka. Iarifu na kampuni pia, maana hati yako yataja siku ulizopewa kufanya hivyo.

Kabla ya kuondoka mahali pale, piga picha kwa simu yako: magari yote mawili, namba zake, stika za bima kwenye vioo, alama za magurudumu, na barabara yenyewe. Andika majina na namba za simu za watu wawili au watatu walioona. Kisha pima kwa hatua. Mkulima hufahamu sana kupima kwa hatua. Ndivyo apimavyo kitalu chake. Kutoka ukingo wa barabara hadi gurudumu ni hatua ngapi? Kutoka karavati hadi mahali mlipogongana ni hatua ngapi? Mambo haya mvua yaweza kuyafuta kabla ya jioni.

Sasa tuje kwenye fomu yenyewe. Tufanye mfano wa pikapu iliyokuwa ikitoka Engineer kwenda Naivasha alfajiri, wakati wa ukungu. Wengi wetu tungeandika hivi: "Nilikuwa nikienda polepole, gari jingine likaja kwa kasi sana likanigonga, na gari langu limeharibika mbele." Maneno haya hayana kitu cha kushika. Polepole ni mwendo gani? Lilikuja kutoka wapi? Mbele ni sehemu gani?

Afadhali aandike hivi: "Nilikuwa nikienda kama kilomita 40 kwa saa, upande wangu wa kushoto, taa zikiwaka. Barabara ilikuwa na maji. Niliona lori ikitoka Naivasha, ikipita gari jingine, ikiwa upande wangu. Nilifunga breki, nikasogea ukingoni. Lori ilinigonga kwenye pembe ya mbele ya kulia." Huyu ameeleza aliyoyaona na aliyoyatenda. Hakusema dereva wa lori alikuwa amelewa, kwa kuwa hakumpima. Ya kudhani aliyaacha.

Jihadhari sana na saa. Fomu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza nazo hufuata saa za Kizungu. Mtu aliyegongwa saa kumi na mbili na robo ya asubuhi aweza kuandika 12.15, na polisi kwenye karatasi yake ameandika 6.15. Huko Nairobi msomaji wa karatasi hizo ataona ajali mbili, moja ya alfajiri na moja ya mchana, na dai lako litawekwa kando mpaka uulizwe. Jihadhari vilevile na kulia na kushoto. Sema kulia kwa nani: kwa mtu aelekeaye Naivasha, au kwa mtu atokaye huko? Chora picha ndogo yenye mishale. Picha mbaya iliyo ya kweli yashinda maneno mazuri.

Hasara nayo iandikwe moja moja: bamba ya mbele, taa ya kulia, boneti, redieta, mlango. Kama mlango ulikuwa umebonyea tangu mwaka jana, uandike kuwa ni wa zamani. Mkaguzi wa kampuni atakuja kulitazama gari, na kutu humwambia umri wa jeraha. Akikukuta umemdanganya kwa mlango, hatakuamini kwa redieta. Wala usilitengeneze gari kabla hajalitazama, na vipande vilivyovunjika usivitupe.

Lililo zito kuliko yote ni jina la dereva. Twajua yanayotendeka. Kijana wa nyumbani, asiye na leseni, amepeleka maziwa kwa sababu baba ana homa, naye akagongana. Jioni jamaa wanakaa na kushauriana: tuandike kwamba baba ndiye aliyeendesha. Ndugu yangu, usikubali. Wenye maduka walimwona kijana, dereva wa pili alimwona, na huenda polisi wameshaandika jina lake. Ukiandika uongo huo waweza kukosa malipo yote, na zaidi ya hayo kudanganya ili upate fedha ni kosa la jinai. Ukisema kweli, huenda kampuni ikakataa kutengeneza gari. Hiyo ni hasara kubwa, lakini umebaki na gari bovu tu. Hukuongeza kesi juu yake. Njia ya mwongo ni fupi. Dawa ni kumpeleka kijana akasomee leseni, na ufunguo wa gari kukaa mfukoni mwa baba.

Jambo jingine ni mapatano ya kando ya barabara. Sisi ni watu wa kuelewana, na ni vema. Lakini hati nyingi za bima zakataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Mpe pole mwenzako, msaidie, lakini usitie sahihi karatasi ya kuahidi fedha.

Na ikiwa wewe ndiwe uliyegongewa ng'ombe, mambo ni yale yale. Chukua namba ya gari, jina la dereva, na maandishi ya stika ya bima. Mwite daktari wa mifugo aandike alichokiona. Lakini mwenye kuachia ng'ombe wazurure barabarani asishangae kudaiwa yeye.

Wako wasemao, "Kampuni za bima hazilipi, hata ukiandika namna gani." Siwezi kukana kwamba ziko zinazochelewesha watu. Lakini fomu mbovu ni fimbo tunayowapa watuchapie. Ukikataliwa, taka sababu kwa maandishi. Usiporidhika, iko Mamlaka ya Kusimamia Bima, inayopokea malalamiko ya wenye bima. Hata huko utaulizwa: nakala yako iko wapi?

Tukumbuke pia pikapu hizi zimenunuliwa kwa nini. Nyingi ni za mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na majirani ndio wadhamini. Gari likilala gereji miezi mitatu kwa sababu ya fomu isiyoeleweka, mkopo haulali. Mwisho huenda jirani aliyetia sahihi kwa wema akakatwa fedha zake za maziwa.

Kwa hivyo nashauri mambo matatu. Vyama vya ushirika viweke katika kila gari la maziwa bahasha yenye karatasi, kalamu na nakala ya hati ya bima. Kila chama kitenge mkutano mmoja kwa mwaka wa kufundisha kujaza fomu hii, kama tufundishwavyo kuchanganya dawa ya viazi. Na mawakala wa bima waache kuwatia watu sahihi kwenye karatasi tupu. Asiyejua Kiingereza aseme kwa Kiswahili, mtoto wake wa sekondari aandike, kisha asomewe yote kabla ya kutia sahihi.

Andika mwenyewe, andika siku ile ile, andika uliyoyaona. Nakala iweke pamoja na hati ya shamba.