Fizikia ya Darasani na Moshi wa Kaloleni

Majuzi nilisimama kando ya barabara mtaani Kaloleni, mjini Kisumu, nikitazama moshi mwembamba ukifuka kutoka chini ya kiti cha matatu. Kilichokuwa kimeungua ni amplifaya, yaani kile kikuza sauti kinachopokea mlio dhaifu kutoka kwenye redio na kuutia nguvu kabla ya kuupeleka kwa spika. Mwenye gari alikuwa ameinunua kwa akiba ya miezi kadhaa. Fundi aliyeifunga ni kijana niliyemfunza fizikia miaka sita iliyopita.

"Japuonj," aliniambia kwa unyonge, akitumia neno la Kijaluo la kumwita mwalimu, "nilifuata rangi za waya zote. Sijui nimekosea wapi."

Nilimwuliza ameunga spika ngapi. Akanijibu kuwa ni nne, mbili kwa kila upande, zikiungwa sambamba. Nyuma ya kila spika paliandikwa omu 4. Ubavuni mwa amplifaya paliandikwa, kwa herufi ndogo lakini zilizosomeka, kuwa kila upande usipewe mzigo ulio chini ya omu 4. Nilimwomba anitajie kanuni ya Ohm. Akaitaja bila kusita: mkondo ni volteji igawanywe kwa ukinzani. Hapo aibu ikanishika mimi, wala si yeye.

Waama, jibu la msiba wake lilikuwa ndani ya kanuni hiyohiyo. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, ukinzani wake huwa omu 2, wala si 8. Tuseme amplifaya inatoa volti 12. Kwa omu 4 mkondo utakuwa ampea 3, na nguvu wati 36. Kwa omu 2 mkondo utakuwa ampea 6, na nguvu wati 72. Jambo linalowaponza mafundi wengi ni kwamba mwanzoni sauti hupanda, abiria wakafurahi na fundi akasifiwa. Kumbe transista za ndani zinabeba mkondo maradufu ya ule ziliyoundiwa. Joto hujikusanya, na kifaa kisipokuwa na kinga nzuri, huungua. Lau kijana wangu angaliziunga spika hizo kwa mfuatano, kila upande ungalipata omu 8. Sauti ingalipungua kiasi, lakini mali ya mtu ingalisalimika.

Kwa hiyo, anayetaka kununua amplifaya hana budi kuanza na hesabu ya spika. Ajue ana spika ngapi, za omu ngapi, na zitaungwa vipi. Kisha atafute kifaa kinachostahimili mzigo huo. Wufa lenye koili mbili za omu 4 kila moja laweza kuwa la omu 2 au 8, kutegemea lilivyoungwa. Katu haliwezi kuwa la omu 4. Na anayeunganisha pande mbili za amplifaya ili ziendeshe wufa moja akumbuke kwamba kila upande huona nusu tu ya ukinzani wa wufa hilo: omu 4 ni sawa na omu 2 kwa kila upande.

Vilevile, wanafunzi wasidanganywe na tarakimu za kwenye kasha. Kasha likidai wati 1,500, tazameni fyuzi. Ikiwa ni ya ampea 30, na gari likinguruma hutoa takriban volti 14, basi umeme unaoweza kuingia mfululizo ni kama wati 420. Sehemu yake hupotea kama joto. Hizo nyingine zaidi ya 1,000 zimetoka wapi, ila kwa mchapishaji wa kasha?

Najua wapo watakaosema kuwa makelele ya matatu ni kero, na kwamba heri amplifaya zote ziungue. Nami pia huudhika nayo, na kanuni za kudhibiti kelele zimekuwapo nchini tangu 2009. Lakini fundi asiyejua kwa nini amplifaya imeungua ndiye huyohuyo tutakayemwita kesho atutilie nyaya za umeme nyumbani. Akizoea kubadili fyuzi iliyokatika kwa ile kubwa zaidi bila kujiuliza imekatika kwa nini, itakayoungua siku hiyo si amplifaya pekee.

Walimu wenzangu, tusiwatupie lawama mafundi wa jua kali. Tulimfunza kijana huyu kanuni kwa Kiingereza, kwa chaki, na kwa maswali ya mitihani iliyopita. Hakuna hata siku moja tuliyomtilia spika mkononi na kumwambia, "Pima." Alipotoka shuleni akaingia gereji, ambako kazi husemwa kwa Kiswahili na Kijaluo, akadhani amehamia ulimwengu mwingine. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, lakini jina jipya la mtaala halimfunzi mtu kushika mita.

Yafaa tumkumbuke Georg Simon Ohm mwenyewe. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli huko Ujerumani, naye alikuwa mwalimu wa shule alipochapisha kanuni yake mwaka 1827. Mwanzoni wasomi wengi wa kwao hawakuithamini. Elimu hiyo tunayoiandika ubaoni kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni ilitoka kwa mwana wa fundi aliyepima nyaya kwa mikono yake.

Zipo shule zisizo na maabara, sibishi. Hata hivyo, mita ndogo ya kupimia umeme haizidi sana bei ya kitabu cha kiada, na spika mbovu hutupwa kila siku katika gereji zetu. Mwalimu na akaziombe. Fundi na akaribishwe darasani, aeleze kazi yake kwa lugha anayoifanyia kazi, naye mwanafunzi amwonyeshe hesabu.

Jioni ile tulikaa juu ya gurudumu kuukuu, mimi na mwanafunzi wangu. Tulipima spika moja, mita ikaonyesha omu 3.5. Akashangaa kwa nini si 4. Nikamweleza kuwa mita hupima ukinzani wa waya wa koili tu kwa umeme wa betri, ilhali sauti ni umeme unaogeukageuka, na omu 4 ni kipimo cha hali hiyo. Akachukua kipande cha kasha, akachora spika nne, akaandika jumla. Kisha akaniuliza swali ambalo miaka minne ya darasani haikumfanya aulize: "Mwalimu, mbona hamkutuambia kuwa ndiyo hii?"

Sikuwa na jibu. Nalileta swali lake kwenu.