Dipoziti ndiyo hutuweka nje, si uvivu

Nilifika ploti saa mbili usiku nikiwa na mkate na maziwa ya pakiti, nikakuta kufuli mbili mlangoni. Yangu ilikuwa moja.

Keateka alikuwa ameketi kwa ngazi akisikiliza redio. Hakuniinulia sauti. "Kijana, si mimi, nimetumwa tu. Leta ya mwezi mmoja nifungue." Nilikuwa na deni la miezi miwili na shilingi 900 kwa M-Pesa. Nikamwambia, "Sawa mzee, naenda kuitafuta," nikatoka langoni nikitembea haraka kama mtu anayejua anakoenda.

Hiyo ilikuwa Zimmerman, mwezi wa Julai, na anayejua Nairobi ya Julai anajua baridi yake. Kazi za kuandikia watu mtandaoni ambazo zilikuwa zimenilipia kodi tangu niache chuo zilikuwa zimekauka. Nikakaa nje ya keja usiku 23.

Sikulala barabarani hata siku moja. Ukiniona mchana ungedhani niko sawa: shati safi, begi mgongoni, simu ina chaji. Ndiyo maana watu wa aina yangu hatuonekani popote. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639, kati yao 15,337 wakiwa Nairobi. Hao wanaonekana, na hata hivyo hali yao tunaijua sote. Lakini msee anayelala kwenye sakafu ya beshte yake, au anayeenda kesha la kanisa kila Ijumaa si kwa sababu ya maombi, huyo nani anamhesabu? Hata sisi wenyewe hatujihesabu. Tunasema "najipanga". Tunasema "niko kwa boy wangu kidogo". Mathe akinipigia wiki hiyo nilimwambia niko keja napika, na nyuma yangu makanga anaita watu wa Githurai kwa sauti yake yote. Sidhani alidanganyika.

Ukisema ukweli, jibu la kwanza utakalopata ni kwamba vijana wa siku hizi hawajui kupanga pesa. Wanakula kodi kwa raha. Basi tukae chini tupige hesabu, kwa sababu mimi nilikuwa na usiku mwingi wa kuipiga.

Siku ya tatu nilipata kazi ya kuchapa na kutoa kopi kwenye saiba moja katikati ya jiji, shilingi 500 kwa siku, Jumapili ikiwemo. Singo huko Githurai niliyoulizia ilikuwa 4,500 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, unapata shilingi 150. Mtu wa mia tano anaweza kulipa 150 na bado akala. Shida ni kwamba hakuna anayekuuzia chumba kwa siku isipokuwa lojing'i, na ile niliyoilalia River Road usiku wa kwanza na wa pili, ukuta wa mbao na blanketi lenye harufu ya sigara, ilikuwa 300. Lala hapo mwezi mzima, utakuwa umelipa 9,000.

Sasa uliza singo ya Githurai inataka nini siku ya kuingia. Kodi 4,500, dipoziti 4,500. Ni 9,000 ileile. Zidisha pesa ya kuonyeshwa nyumba na ya maji, umefika elfu kumi. Kwa hivyo aliyefungiwa nyumba analipa mara mbili ya kodi ili aendelee kukosa nyumba, na kwa sababu analipa mara mbili, hawezi kamwe kuweka kando ile ya kuingilia. Nikitoa 300 ya malazi na 150 ya chakula, nilikuwa nabaki na shilingi 50. Elfu kumi kwa shilingi hamsini hamsini ni siku 200. Hapo mtu hajakunywa pombe, hajanunua viatu, hajampeleka mtu deti.

Na hiyo ni ukiwa na kazi kila siku. Wengi wetu hatuna.

Wapo watakaosema, si urudi ocha upumzike. Nauli ya kwenda unaweza kuchangiwa. Ila kazi ya mia tano iko Nairobi, na siku ukitaka kurudi utahitaji nauli nyingine, na dipoziti itakuwa bado inakungoja palepale ulipoiacha.

Sitaki tumgeuze kila landilodi kuwa shetani. Wengi wamejenga kwa mkopo, na benki haijui habari ya "najipanga". Dipoziti nayo ina sababu yake. Kuna watu huhama saa nane usiku na balbu za ploti. Mimi mwenyewe nilikuwa na deni la kweli. Lakini kudai kodi kuna njia zake: notisi, baraza la kodi, korti, dalali mwenye leseni. Kufuli ya usiku haimo. Wala kung'oa mlango, wala kutoa mabati mtu akiwa kazini. Shida ni kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi, ambayo ndiyo ingetulinda zaidi, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Niambie ni bedsita gani ya Zimma au Pipeline utapata kwa 2,500. Kiwango hicho ni cha enzi nyingine, na wabunge wamekiacha hapo sisi tukiishi hapa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na yenye viwango vinavyofaa. Serikali nayo inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila aliyeajiriwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Sina ugomvi na kujenga nyumba. Ninachouliza ni hiki: katika pesa zote hizo, kiko wapi kitanda cha wiki mbili? Nyumba ya kulipia kwa miaka mingi haimsaidii mtu ambaye tatizo lake ni kati ya tarehe tano na mwisho wa mwezi. Usiku ule wa kwanza nilihitaji chumba chenye vitanda vya deka, bafu, mlinzi mlangoni, na bei ambayo mtu wa mia tano anaweza kulipa akabakisha kitu. Mahali hapo sikupapata. Kati ya keja na veranda ya duka, jiji halijaweka chochote. Na hiyo veranda usiihesabu. Sheria ya uzururaji ilifutwa 1997, lakini jaribu kujilaza Tom Mboya saa nane usiku uone kama soja na kanjo wamepata habari.

Usiku wa tatu nilikuwa kwenye kesha. Wa nne ndio nilimpigia beshte yangu wa Kayole. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwani siku tatu zote ulikuwa wapi?" Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimelipa shilingi 600 za River Road ili nisimwambie mtu mmoja neno moja. Haya iligharimu theluthi mbili ya pesa zote nilizokuwa nazo, na ukiongeza aplikesheni mbili za mikopo nilizozijaribu kwanza, iligharimu zaidi. Ukikosa kusikia lingine lolote hapa, sikia hili: usikope mkopo wa siku saba kulipia malazi ya usiku mmoja. Piga simu kabla pesa hazijaisha, si baada ya kuisha.

Nililala kwake usiku 20. Chumba ni kimoja, godoro lake upande ule, mimi na mkeka upande huu, na yeye ni mtu wa kulala taa ikiwaka. Sikulalamika. Kuishi kwa mtu kuna adabu zake, na nyingi nilizijua kwa kukosea. Mwambie tarehe ya kuondoka hata kama utaisogeza mara moja. Ukisogeza mara ya pili, msemezane ana kwa ana, usimtumie meseji. Tokeni za stima nilinunua za mia kila wiki. Sufuria nikiosha bila kuambiwa. Wikendi mpenzi wake akija, nilikuwa naenda saiba asubuhi na kurudi usiku sana, na kukiwa hakuna wateja nilikaa katika maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili mlangoni, ambapo hakuna anayekuuliza unaishi wapi ili mradi uko na kitabu mbele yako. Kitambulisho kilikuwa mfukoni, hakikukaa kwa begi. Begi lenyewe tajiri wa saiba alinikubalia nilifungie nyuma ya kaunta, na nadhani alielewa bila kuuliza. Kuoga, kuna siku niliogea kwenye vyoo vya kulipia mjini. Mtu akinuka, kazi ya mia tano nayo inaondoka.

Lazima niseme kwamba haya yote ni rahisi zaidi kwangu kwa sababu mimi ni mwanamume. Rafiki yangu mmoja wa kike alifungiwa mwaka huohuo, na hakukosa wa kumkaribisha. Alikaribishwa na watu watatu, na wawili kati yao walikuwa wameshaamua atakavyolipa. Kesha halikumfaa maana saa kumi na moja alfajiri bado lazima utoke utembee. Lojing'i za River Road hata hakuzifikiria. Akarudi kwa mtu ambaye alikuwa amemhepa kwa sababu ya kipigo. Tunapozungumza habari ya kitanda cha wiki mbili, mimi namfikiria yeye kwanza, kisha mimi.

Sasa nilitokaje? Si kwa miujiza. Bila lojing'i niliweza kuweka 300 kila siku, na siku ya 20 nilikuwa na 6,000. Bado haikufika elfu kumi. Nilizunguka ploti saba Githurai, sita wakanikataa kabla sijamaliza sentensi. Ya saba inasimamiwa na mama mmoja ambaye aliniuliza nafanya kazi wapi, akapiga simu saiba mbele yangu, kisha akasema: leta kodi ya mwezi na 1,500 ya dipoziti, iliyobaki utalipa mara mbili na kodi ya miezi inayofuata. Akaandika kwenye daftari, nikatia sahihi. 4,500 na 1,500 ni 6,000. Nikaingia usiku uleule na mkeka wa kuazima. Vitu vyangu vya Zimmerman nilivipata Septemba. Dipoziti ya kule ililipa mwezi mmoja wa deni, na mwingine niliulipa polepole.

Yule mama hakunipa sadaka. Chumba kilikuwa kimekaa bure mwezi mzima, na kwenye daftari lake mwezi huo ulikuwa sufuri. Katika zile ploti sita nyingine, vyumba viwili vilikuwa bado na tangazo getini nilipopita tena mwezi uliofuata.

Kwa hivyo hili ninalisema kwa malandilodi, na kwa makeateka ambao ndio hasa huamua nani anaingia. Gawanyeni dipoziti mara tatu. Andikeni, tutie sahihi, pigeni simu kazini kwetu, chukueni namba ya mzazi ikibidi. Akishindwa kulipa ya pili, mna maandishi ya kwenda nayo kwa chifu. Kaunti nayo ina majengo mangapi mjini yanayofungwa saa kumi na moja jioni? Lifunguliwe moja usiku, liwe na upande wa wanawake unaofungwa kwa ndani, na mtu aonyeshe kitambulisho na alipe shilingi 50. Mimi ningelilipa. Hamsini ndizo zilikuwa zinabaki.